Usiku Ule Paa Lilipoezuliwa

Akina mama wenzangu, kama mwezi Oktoba mwaka 2019 mtu angeniuliza iwapo nyumba yangu imejiandaa kwa maafa, ningemcheka. Neno lenyewe nililisikia redioni tu, nikadhani ni jambo la serikali na la watu wa mabondeni. Mimi ni mke na mama wa watoto wanne. Naishi Misungwi, si mbali na barabara kuu iendayo Shinyanga. Nilikuwa na nyumba ya matofali iliyoezekwa bati, kuku bandani, na cheo cha ukatibu katika kikundi cha akina mama wa kanisani kwetu. Nilijihesabu miongoni mwa wanawake wanaojua kupanga mambo. Usiku mmoja wa Novemba ulinionyesha kwamba nilikuwa nimepanga vyombo kabatini tu.

Siku hiyo mume wangu alikuwa Geita kwenye kazi ya ujenzi. Umeme ulikatika tangu mchana. Kitinda mimba wetu, aliyekuwa na miaka minne, alishinda na homa. Nilimpa dawa ya kushusha homa, nikamfuta kwa kitambaa cha maji, nikasema asubuhi nitampeleka hospitali. Kama ninyi nyote mjuavyo, "asubuhi" ndilo neno linalotuponza akina mama.

Ilipofika saa nne usiku upepo ulianza. Nyumbani tumezoea pepo za vuli zitokazo upande wa ziwa, hata sikuinuka kitandani. Kisha nikasikia mlio kama gunia kubwa linapasuliwa, na mvua ikaniangukia usoni. Bati za sebuleni na za chumba cha watoto zilikuwa zimeondoka pamoja na mbao zake. Niliwakusanya watoto gizani kwa kuwapapasa. Nilipomshika yule mdogo nikakuta mwili umekakamaa, macho yamegeuka, na povu mdomoni. Degedege.

Sasa sikilizeni jinsi mama anayejua kupanga alivyokuwa. Tochi ilikuwapo, lakini betri zake nilizihamishia kwenye redio. Simu yangu ilikuwa imezimika kwa kukosa chaji. Fedha zetu zote zilikuwa kwenye simu ya mume wangu, na mkobani mwangu mlikuwa na shilingi 2,000. Kadi ya kliniki ya mtoto ilikuwa ndani ya boksi juu ya kabati, na boksi lilikuwa limejaa maji.

Jirani alikuja mbio na simu yake ikiwa na chaji. Akaniambia, "Nitajie namba ya Baba watoto nimpigie." Nikafungua kinywa, hakuna kilichotoka. Nilikuwa nimeolewa naye miaka 19, na namba yake sikuijua. Simuni mwangu nilikuwa nimeiandika "Baba", basi nikibonyeza hapo anaitika. Watoto nao hawakuijua. Jirani alinitazama, nami nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Fungu la Mama Mkwe

Aliyetuokoa usiku ule ni mama mkwe wangu. Alikuwa akikaa nasi katika chumba kidogo cha uani, mwanamke mzee asiyejua kusoma wala kuandika. Mlangoni kwake alikuwa ametundika mzigo uliofungwa kwa kitenge cha zamani. Kwa miaka mingi niliuona mzigo ule kama uchafu wa kizee. Mara mbili nilitaka kuutupa wakati wa usafi wa Krismasi.

Mayu alitoka na mzigo wake begani. Kwanza alisimama uani akapiga mwano, ile sauti ya kuomba msaada ambayo kwetu Usukumani kila aisikiaye ni lazima atoke. Mimi nilikuwa nimesahau hata kupiga kelele. Kisha akafungua fundo la kitenge chake kiunoni akanipa shilingi 30,000, zimekunjwa kama tumbaku. Kutoka kwenye mzigo akatoa tochi ndogo, khanga kavu mbili, na mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko huo mlikuwa na cheti cha kuzaliwa cha kila mjukuu, ambavyo mimi nilidhani vimepotea.

Jirani mmoja alitaka kumtia mtoto kijiko mdomoni asijing'ate ulimi. Mayu alimkatalia, akamlaza mtoto kwa ubavu ili asipaliwe na mate. Baadaye muuguzi alituambia kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa: mtoto wa degedege alazwe kwa ubavu, asiwekewe kitu chochote mdomoni, asipewe cha kunywa hadi azinduke, na apelekwe hospitali bila kukawia.

Kijana wa bodaboda aliyeitikia mwano alitupeleka. Muuguzi akaniuliza: mtoto ana kilo ngapi, amepewa dawa gani, kiasi gani, saa ngapi? Swali la mwisho sikuweza kulijibu. Ilikuwa malaria. Tulilazwa siku tatu, na Mungu ni mwema, mtoto alipona. Leo ana miaka kumi na anacheza mpira.

Tuliporudi nilimwuliza Mayu ni nani aliyemfundisha kufunga mzigo ule. Akanisimulia habari za mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji. Walikuwa kwenye mji wao wa zamani, yeye akiwa mke mchanga mwenye watoto wawili, wakaambiwa wahamie kijijini. Siku ya kuondoka ilipofika hawakupata nafasi ya kuchagua. Walichosahau kilibaki, na alichokisahau yeye ni mbegu. Kulikuwa na upungufu wa chakula miaka ile, naye akafika mahali papya bila punje ya kupanda. "Tangu siku hiyo, mwanangu," alisema, "sijalala bila mzigo wangu mlangoni."

Daftari Lililolowa

Ningependa kuishia hapo, lakini kulikuwa na hasara nyingine, na hiyo ilikuwa ya watu 28.

Kikundi chetu tulikuwa tukiweka na kukopeshana fedha kila Alhamisi, na mgao ulikuwa umebakiza wiki tatu. Sanduku lenye kufuli tatu lilikuwa salama kwa mweka hazina, na funguo zilikuwa kwa wanachama watatu tofauti, kama desturi ya vikundi vyetu ilivyo. Fedha tulizilinda vizuri sana. Lakini daftari, ambalo ndilo lililosema fedha hizo ni za nani, lilikuwa moja tu. Lilikuwa juu ya meza yangu ya sebuleni, chini ya paa lililoondoka. Nililikuta limevimba kama mkate uliodumbukia kwenye chai, wino umeyeyuka kurasa nzima. Vitabu vidogo vya wanachama kumi na wawili vilikuwa hapo hapo, kwa sababu walinikabidhi niwatunzie.

Tulikutana kanisani. Sanduku likafunguliwa, fedha zikahesabiwa, zikawapo zote. Lakini noti hazina majina. Aliyesema ameweka 180,000, nani angempinga? Na waliokopa, je? Wawili walikiri madeni yao pale pale. Wengine walinyamaza. Nilijua ni wadeni, nao walijua kwamba najua, lakini karatasi haikuwapo.

Alikuwapo mjane mmoja wa makamo ya Mayu. Yeye alitoa kamba ya katani kutoka kwenye kikapu chake. Kila Alhamisi aliyoweka shilingi 1,000 alifunga fundo. Tulihesabu mafundo 41. Hakuna aliyebishana naye. Katika watu 28, mwenye hesabu iliyo wazi kuliko zote alikuwa yule asiyejua kusoma.

Tulikaa vikao vinne. Mwishowe palibaki pengo, nami nikalilipa kwa kuuza mbuzi watatu, kwa sababu daftari lilikuwa mikononi mwangu. Mume wangu hakupinga, ingawa mbuzi wale tulikuwa tumewakusudia kwa ada ya shule. Wanachama wawili waliondoka wakisema nilijinufaisha. Mmoja wao ndiye aliyenisimamia siku ya harusi yangu. Mpaka leo tunasalimiana kwa mbali. Fedha nilizilipa, lakini urafiki ule sijaweza kuulipa.

Tulioandikwa na Wasioandikwa

Siku zile nilikumbuka jambo ambalo sisi wa kandokando ya ziwa hatuwezi kulisahau. Jumanne ya tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, ikitokea Bukoba kupitia Kemondo. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Waliopoteza maisha wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800, na wengi walizikwa Igoma. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha ya majina. Wa daraja la tatu, ambako walikuwamo akina mama wengi na biashara zao za ndizi, hawakuwa na orodha. Ndiyo maana hata leo hakuna ajuaye idadi kamili. Wapo watu ambao habari yao ya mwisho ni kwamba walisema wanakwenda Mwanza.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilikuwa na ruhusa ya kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Ndugu walikaa ufukweni siku nyingi wakitafuta jina au sura.

Sisi wa Misungwi tulivuka Kigongo kwenda Busisi kwa kivuko miaka mingi, na sasa tangu Juni 2025 tunapita juu ya Daraja la J. P. Magufuli. Tunashukuru. Lakini daraja halituondolei wajibu wa kumwambia mtu wa nyumbani: nakwenda mahali fulani, napanda chombo fulani, nitarudi siku fulani. Kwangu siku hizi hakuna anayesafiri bila kuandika hayo kwenye daftari la mlangoni, hata mume wangu. Mwanzoni alinuna, akasema ananyapiwa kama mwanafunzi. Nikamjibu kwamba namwandika kwa sababu nataka kumjua alipo.

Mambo Tuliyobadilisha Nyumbani

Kwanza ni paa. Fundi alipokuja kuezeka upya alituonyesha kwamba mbao za paa hazikuwa zimefungwa kwenye ukuta, zilikuwa zimelazwa tu na kupigiliwa misumari michache. Safari hii tulifunga kila boriti kwa waya mnene uliozamishwa kwenye linta. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko bati tulizopoteza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga paa zima.

Pili ni namba. Nyuma ya mlango, kwa rangi ya mafuta, tumeandika namba ya mume wangu, yangu, ya jirani, ya kijana wa bodaboda, ya mwenyekiti wa kitongoji, ya polisi ambayo ni 112, na ya Zimamoto na Uokoaji ambayo ni 114. Watoto wote wanaijua namba ya baba yao na yangu kwa kichwa. Yule mdogo nilimfundisha kwa kuiimba tukipepeta mchele.

Tatu ni mzigo. Siku hizi ninao wangu: tochi na betri zake ndani ya mfuko, kiberiti, khanga, kadi za kliniki na za bima na nakala za vyeti ndani ya plastiki, akiba ya fedha taslimu isiyoguswa kwa mboga, sabuni, na kalamu. Ndani yake kuna daftari dogo lenye uzito wa kila mtoto, dawa zinazomdhuru, na nafasi ya kuandika dawa aliyopewa na saa yake. Pia zimo pakiti za chumvichumvi za kuharisha, maana baada ya mafuriko kipindupindu hakikawii. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilitufundisha hivyo. Pakiti zikikosekana, mama achanganye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa sawasawa bila kichuguu. Mgonjwa aanze kunywa hapo hapo akiwa njiani kwenda hospitali.

Nne ni chakula. Hapa sikuhitaji kwenda mbali. Kila kiangazi, viazi vitamu vinapokuwa vingi, Mayu alikuwa akikata michembe na kuianika juu ya mwamba, na vingine akivichemsha kwanza ndipo akavikata na kuvianika vikawa matobolwa. Vikikauka vizuri hukaa miezi hadi msimu mwingine. Nilikuwa naviona chakula cha kizamani, nikipenda zaidi kununua unga wa dukani wa kila siku. Wiki ile ya paa tulikula michembe ya Mayu, na hakuna mtoto aliyelalamika.

Tano ni mahali pa kukutania. Mimi nilisema ikitokea hatari usiku sote tukimbilie chini ya mwembe. Binti yetu mkubwa, aliyekuwa kidato cha tatu, akanirekebisha: "Mama, chini ya mti ndipo radi inapopiga, na matawi huanguka." Tukachagua baraza la jirani. Wasikilizeni watoto wenu. Mengine wanayajua kuliko sisi.

Na Katika Kikundi

Kikundi nacho kilijifunza. Sasa hesabu zinaandikwa katika madaftari matatu yanayokaa nyumba tatu. Kila mwanachama hutunza kitabu chake mwenyewe. Kabla ya sala ya kufunga, kila mmoja husomewa akiba yake na deni lake kwa sauti, watu wote wakisikia. Yule mjane anaendelea na kamba yake, na hatumkatazi. Kila kiongozi ana naibu anayejua kazi yake yote, ili mmoja akiugua mambo yasisimame. Tuna mfuko wa jamii ambao kila mmoja huchangia kidogo, hautolewi kwa mkopo bali kwa dharura tu.

Pia tuna orodha ya wale wasioweza kukimbia: wazee wanaoishi peke yao, wajawazito na mwezi wao wa kujifungua, wasioona, na watoto wenye ulemavu. Kila jina lina wanawake wawili wa kulishughulikia. Nakala tuliipeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa sababu sheria ya usimamizi wa maafa ya mwaka 2022 inazitambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Ni afadhali kamati ikute kazi imeanza.

Tukafanya na mazoezi. Siku ya kwanza ilikuwa kichekesho. Filimbi ilipulizwa, wengine wakadhani ni sungusungu wanakimbiza mwizi, wakajifungia ndani! Ilituchukua dakika 50 kuwafikia watu wote walio katika orodha, na bibi mmoja tulimsahau kabisa. Alitusema wiki nzima. Mara ya pili tulitumia dakika 20, na bibi yule tulianza naye.

Wapo waliotuambia kwamba tunafanya uchuro, kwamba kujiandaa kwa mabaya ni kuyaita, au kwamba tumekosa imani. Mimi huwauliza habari za Yusufu kule Misri, aliyejaza maghala kwa miaka saba ya neema. Je, alikosa imani? Na wale wanawali watano waliobeba mafuta ya akiba, je, walilaumiwa?

Mayu alifariki mwaka 2022, usingizini, chini ya paa jipya. Tulipofungua mzigo wake tulikuta kila kitu mahali pake, na karatasi moja aliyomwandikisha mjukuu wake kwa siri. Ilikuwa na majina ya watu wa kupewa taarifa atakapokufa na vijiji vyao, jina la anayemdai shilingi 6,000, na chini kabisa maneno haya: mbegu za mtama zipo kwenye kibuyu, msizile.

Tulizipanda. Kitenge chake cha kufungia mzigo ndicho kinachoning'inia nyuma ya mlango wangu sasa.

Mama mwenzangu, usiku wa leo kabla watoto hawajalala, wazimie taa kidogo. Mwambie kila mmoja akutajie namba ya baba yake. Kisha ujiulize kama wewe unaijua.